Nyasi Iliyopanda Kilimanjaro kwa Miguu ya Watu

Mwaka 2008 jarida la kisayansi la Plant Ecology lilichapisha makala ya Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, ambaye tangu miaka ya 1990 alikuwa akiichunguza mimea ya Mlima Kilimanjaro kuanzia mashamba ya tambarare hadi kwenye mawe matupu ya juu. Makala ilihusu mimea ya kigeni iliyoingia mlimani na mchango wa utalii katika kuieneza. Miongoni mwa mimea hiyo imo nyasi moja ndogo ya Ulaya, Poa annua. Ilikuwa imejipanga kandokando ya njia za wapandaji na kuzunguka kambi, hata juu ya mpaka wa msitu, mahali ambapo usiku maji huganda. Hakuna mtu aliyeipanda wala kuiagiza. Ilifika kwenye matope ya soli za viatu.

Habari hiyo haikusimamisha shughuli za mtu yeyote mjini Moshi. Tumezoea kuzungumzia theluji ya kilele cha Kibo inayopungua, moto wa kila mara, na mito inayokauka kabla ya kufika Kahe. Nyasi isiyozidi shubiri moja haina wa kuitetea wala wa kuishitaki. Hata hivyo naiweka miongoni mwa habari nzito za mlima huu. Ili tuelewe kwa nini, inabidi turudi nyuma zaidi ya miaka 150, kwa sababu hakuna awezaye kusema mmea huu ni mgeni mpaka ajue kwanza mimea ipi ilikuwapo.

Tuiangalie nyasi yenyewe kwanza, maana wengi wameikanyaga bila kuiona. Majani yake ni laini, ya kijani hafifu, mara nyingi yenye mikunjo midogo ya kukingama yanapokuwa machanga. Ukilishika jani na kulifuata hadi mwisho, utaona ncha yake imekunjika kama omo la mtumbwi. Pale jani linapoachana na shina pana ngozi nyembamba nyeupe. Shuke lake ni dogo, limetawanyika kwa umbo la pembetatu, na rangi yake ni kijani kilichochanganyika na weupe. Ikikanyagwa kila siku hailali ikafa. Hutoa maua chinichini, karibu na udongo kabisa. Nyasi nyingi husubiri msimu wake, lakini hii, unyevu ukiwapo, huweza kuota, kuchanua na kudondosha mbegu ndani ya miezi miwili hivi, kisha kizazi kinachofuata kikaanza upya. Mbegu zisizopata nafasi hukaa udongoni zikingoja.

Carl Linnaeus wa Sweden aliipa jina hilo la kisayansi mwaka 1753. Wanasayansi wa baadaye walichunguza asili yake wakakuta ni chotara. Mzazi mmoja ni Poa infirma, nyasi ya nchi za Bahari ya Mediterania zenye joto, na wa pili ni Poa supina wa milima ya Ulaya yenye baridi. Kila mzazi ana kromosomu 14, na mtoto anazo 28, zote za baba na mama kwa pamoja. Urithi huo wa pande mbili unasaidia kueleza kwa nini nyasi hii inaishi kwenye nyufa za lami za London, kwenye viwanja vya gofu vya Marekani, na pia kando ya kambi ya wapagazi juu ya mita 3,000.

Sasa historia. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akiongozwa na kiongozi wa msafara aliyeitwa Bwana Kheri, aliona weupe juu ya Kibo, akaandika kuwa ni theluji. Wasomi wa jiografia walioketi London walimbishia kwa miaka. Rebmann hakuwa mtu wa mimea. Wa kupanda na kuchunguza walikuja baadaye: Baron Carl Claus von der Decken alifika mwaka 1861 na tena mwaka 1862, na jina lake limebaki kwenye ile lobelia ndefu ya mlimani, Lobelia deckenii. Mwaka 1871 Charles New, mmisionari wa Kimethodisti aliyetokea pwani ya Mombasa, alipanda hadi kwenye theluji na njiani akachuma mimea ya maeneo ya juu. Mimea hiyo ilifika bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, ambako Joseph Hooker, mkurugenzi wa bustani ile, aliiandikia makala. Ua dogo kavu la mlimani, Helichrysum newii, linamkumbuka New hadi leo. Mwaka 1884 Harry Johnston alitumwa na vyama vya wanasayansi wa Uingereza kukusanya wanyama na mimea. Alikaa kwa miezi kadhaa, kwanza katika himaya ya Mangi Rindi wa Moshi, na mimea yake ikaorodheshwa na Daniel Oliver wa Kew.

Nani aliyekuwa akibeba karatasi za kukaushia mimea hiyo? Nani alimwonyesha mzungu kwamba kijani hiki si sawa na kile? Wapagazi kutoka pwani na vijana wa Kichagga. Majina yao hayamo kwenye lebo. Na kabla ya lebo yoyote kuandikwa, nyasi za mlima zilikuwa tayari na wajuzi wake. Mchagga aliezeka msonge wake kwa nyasi, alitandaza majani chini ya migomba yake, na alifuga ng'ombe ndani, hivyo chakula cha ng'ombe kilitakiwa kumfuata zizini. Wanawake walishuka hadi tambarare kukata majani, wakapanda nayo kichwani hadi kihambani, yaani shamba la migomba la nyumbani. Mtu anayefanya kazi hiyo tangu utotoni anajua nyasi ipi inakausha maziwa, ipi inakata mikono, na ipi haikuwapo mwaka jana. Elimu hiyo ilikuwa kamili kwa matumizi yake, lakini haikuandikwa, na hivyo haiwezi kutumiwa leo kama ushahidi wa nini kilikuwapo wapi mwaka gani.

Ushahidi wa kuandikwa kwa utaratibu ulianza hasa na Georg Volkens, mtaalamu wa mimea kutoka Berlin, aliyefanya kazi Marangu kuanzia mwaka 1893 kwenye kituo cha kisayansi kilichoanzishwa na serikali ya Kijerumani. Nyakati hazikuwa za amani. Mwaka 1892 majeshi ya Mangi Meli wa Moshi yaliwashinda Wajerumani. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi, wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga pamoja na viongozi wengine. Carl Lent, mwanajiolojia aliyefanya kazi kituo kimoja na Volkens, aliuawa Rombo mwaka 1894. Katikati ya hayo Volkens alipanda na kushuka, akachuma, akaandika urefu kutoka usawa wa bahari, akaeleza jinsi mimea inavyobadilika kutoka mashamba ya migomba hadi msitu, kutoka msitu hadi vichaka, kutoka vichaka hadi nyasi za vishungi na mawe. Kitabu chake, Der Kilimandscharo, kilitoka mwaka 1897. Nyasi ya mlimani iitwayo Agrostis volkensii imebeba jina lake. Elimu hii ilikuja nyuma ya bunduki, na ni haki tuseme hivyo. Lakini kwa bahati ya historia, ndiyo picha ya kwanza pana ya mimea ya Kilimanjaro kabla ya reli, kabla ya barabara na kabla ya watalii.

Inafaa msomaji ajue kielelezo cha mimea kinavyotengenezwa, maana kila kitu kinategemea hicho. Unachimba mmea na mizizi yake, unaulaza kati ya karatasi za gazeti, unaubana, unabadilisha karatasi kila siku mpaka ukauke. Kisha unaugundisha kwenye karatasi ngumu na kuandika: mahali, urefu, tarehe, aina ya udongo, jina la mchumaji. Mmea uliokaushwa hivyo hudumu karne kadhaa. Mtu wa leo akitaka kujua kama nyasi fulani ilikuwapo Marangu mwaka 1893, anafungua kabati na kutazama. Nyasi zina shida yake ya pekee, kwa kuwa bila shuke na bila lenzi zinafanana mno. Kilimanjaro ina ndugu wa Poa annua walio wenyeji halisi, kama Poa leptoclada na Poa schimperiana. Mpita njia hawezi kuwatofautisha na mgeni. Mwenye kielelezo mkononi anaweza.

Ndiyo maana usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 ni usiku mbaya katika historia ya mlima wetu, ingawa ni wachache Moshi wanaoujua. Mabomu ya Vita Kuu ya Pili yaliangukia jumba la mimea la Berlin-Dahlem, na mamilioni ya vielelezo yaliteketea. Humo mlikuwa na makusanyo ya Afrika Mashariki ya wakati wa Wajerumani. Nakala za baadhi ya vielelezo zilikuwa zimekwisha kupelekwa kwenye majumba mengine, na hizo zikaokoka. Sehemu ya kumbukumbu ya Kilimanjaro iliungua kwenye jiji ambalo mlima haukuwahi kulidai chochote.

Kazi ya kujenga kumbukumbu upya ilikuwa tayari inaendelea huku kwetu. Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe mwaka 1902. Waingereza waliirithi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na Peter Greenway akakusanya na kupanga mimea hapo kwa miaka mingi. Mwaka 1950 makusanyo ya Amani yalihamishiwa Nairobi. Mwaka 1948 Olov Hedberg wa Sweden alizunguka milima mirefu ya Afrika Mashariki, Kilimanjaro ukiwamo, na mwaka 1957 akatoa kitabu cha mimea ya maeneo yaliyo juu ya msitu, kitabu ambacho wataalamu bado wanakishika. Mwaka 1952 ilianza kutolewa Flora of Tropical East Africa, orodha kubwa ya mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda. Sehemu ya kwanza ya nyasi ilitoka mwaka 1970. Kazi nzima ilikamilika mwaka 2012, miaka 60 baada ya kuanza, ikiwa na spishi zaidi ya 12,000. Leo tunayo Hebaria ya Taifa, jumba la vielelezo vya mimea, mjini Arusha, na ingekuwa vyema kila shule ya sekondari ya Kilimanjaro ipeleke wanafunzi wake pale angalau mara moja.

Wakati orodha zikiandikwa, njia za kuufikia mlima zilizidi kufunguka. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Wamisionari na walowezi walileta mbegu za kila namna: ngano, viazi, mboga, maua ya bustani, miti ya kivuli. Mapadre wa Kilema walikuwa wamekwisha kuleta kahawa. Magugu ya Ulaya hupenda kusafiri na mbegu za aina hiyo, na magugu kama hayo yalionekana kwenye mashamba na bustani. Hayo yalikuwa ya chini, kwenye eneo ambalo mtu amelilima kwa karne nyingi. Juu ya msitu palikuwa bado pa wenyeji: vishungi vya Festuca pilgeri, senesio wakubwa, lobelia, mawe na barafu.

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilitangazwa mwaka 1973, ikafunguliwa rasmi mwaka 1977, na mwaka 1987 UNESCO ikauweka mlima kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2005 mpaka wa hifadhi uliteremshwa ukameza msitu pia. Wapandaji, waliokuwa wachache tu mwanzoni mwa karne ya 20, walifika takriban 50,000 kwa mwaka katika miaka ya 2010. Na mtalii hapandi peke yake. Ana mwongozaji, mpishi, na wapagazi watatu au zaidi, kila mmoja na mzigo wake wa kilo 20 uliopimwa kwenye mizani ya getini. Kwa njia ya Marangu kundi hilo linalala Mandara kwenye mita 2,720, kisha Horombo kwenye mita 3,720, kisha kambi ya Kibo kwenye mita 4,700, na kurudi kwa njia ileile. Jiulize ni nyayo ngapi hizo, na zimetoka wapi. Buti la mtalii huenda wiki iliyopita lilikuwa kwenye njia za milima ya Alps. La mpagazi huenda alilinunua soko la Memorial mjini Moshi, kwenye mitumba, likiwa bado na vumbi la nchi ya mwenyewe wa kwanza. La kukodi limepanda Meru juzi na Kilimanjaro leo.

Hapo ndipo Hemp anapoingia. Namna yake ya kufanya kazi haina mbwembwe: unapima kiwanja kidogo cha ardhi, unaandika kila mmea uliomo, kiasi ulichofunika, urefu kutoka baharini, mteremko, udongo; kisha unahamia kiwanja kingine. Alirudia hivyo mamia kwa mamia ya mara, kwenye msitu, mashambani, kandokando ya barabara, kambini, nyuma ya vyoo. Mlima una spishi za mimea zipatazo 2,500, na mtu asiyezijua karibu zote hawezi kuitambua moja iliyozidi. Alipolinganisha viwanja, mimea ya kigeni ilijichora yenyewe kwenye ramani. Poa annua haikutawanyika mlimani ovyo. Iliandamana na mstari wa njia za wapandaji. Penye kukanyagwa, penye maji ya kuoshea vyombo, penye udongo uliochimbuliwa, ipo. Ukiingia vichakani, pasipofika watu, vishungi vya wenyeji vimefunga na mgeni hapati nafasi. Mmea unaofuata miguu ya watu namna hiyo umeletwa na miguu ya watu, na hilo halihitaji shahidi mwingine.

Kuna jambo jingine Hemp aliloandika kuhusu Kilimanjaro, na mimi naliona linahusiana sana na hili. Milima mirefu ya jirani, kama Mlima Kenya, ina ukanda mkubwa wa mianzi. Kilimanjaro karibu haina. Mianzi nayo ni nyasi, kubwa kupita zote, na msafiri anayepanda kutoka Machame au Marangu angetarajia kuipita. Maelezo yake ni kwamba mianzi hupata nafasi pale tembo na nyati wanapovunja msitu na kufungua mwanga, na upande wa kusini wa mlima, wenye makorongo na vihamba vilivyojaa watu tangu zamani, wanyama hao hawakupita kwa wingi. Kwa hiyo nyasi na msukosuko ni mambo yanayoandamana. Anayeufungua udongo ndiye anayeamua nyasi ipi itaota. Zamani walikuwa tembo. Sasa ni sisi.

Na udongo unazidi kufunguliwa. Oktoba 2020 moto ulizuka eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo, ukateketeza kilomita za mraba zipatazo 95. Oktoba 2022 moto mwingine ulianza karibu na kambi ya Karanga. Wananchi wa Rombo, wanafunzi wa chuo cha Mweka, askari wa hifadhi na waongoza watalii walipanda na matawi na mapanga kuuzima, na walistahili heshima kubwa kuliko waliyopewa. Mimea ya kule juu hukua polepole sana. Udongo uliobaki uchi baada ya moto, ukiwa na njia yenye mbegu za kigeni pembeni yake, unampa nafasi mmea wowote unaowahi kuchanua.

Je, nyasi hii imeangamiza kitu? Haki idumu: inakaa zaidi kwenye sehemu zilizokwisha kukanyagwa, na haijawafukuza wenyeji kwenye nyika zilizo salama. Atakayesema Poa annua itaumaliza Mlima Kilimanjaro anatia chumvi. Uzito wake ni kwamba imethibitisha kuwa njia ipo. Ilipopita nyasi hii inaweza kupita nyingine iliyo kali zaidi. Wakazi wa Arusha na Moshi wanalijua gugu karoti, lililoonekana Arusha mwaka 2010 na kuenea kando ya barabara, likiwaletea watu mzio wa ngozi na kuharibu malisho. Nalo lilianza likiwa kijani kidogo ambacho watu walipita wakiliacha.

Nyasi hiihii ina historia mahali pa baridi kuliko Kibo. Mwaka 1985 ilikutwa kwenye kisiwa cha King George, Antaktika, karibu na kituo cha utafiti cha Poland kiitwacho Arctowski. Bara lile lina mimea miwili tu ya maua iliyo ya asili. Nyasi ya Ulaya ikajiongeza ya tatu. Mwanzoni ilikaa kwenye majengo, baadaye ikaonekana kwenye udongo mpya ulioachwa na barafu inayorudi nyuma, na Wapoland wakalazimika kuanza kuing'oa mmoja mmoja pamoja na udongo wake. Wanasayansi walipochunguza nguo, viatu na mabegi ya watu waliokwenda Antaktika katika msimu wa 2007 na 2008, walikadiria kwamba mbegu zaidi ya 70,000 ziliingia mwaka ule. Waliokutwa na mbegu walikuwa nazo tisa na nusu kwa wastani kila mmoja, na mbegu nyingi zaidi zilikutwa kwa wanasayansi kuliko kwa watalii. Mbegu zilijificha kwenye soksi, kwenye velkro, kwenye mikunjo ya mifuko. Wakati huohuo ambapo Hemp alikuwa akichapisha makala yake ya Kilimanjaro, wenzake walikuwa wakiokota mbegu kwenye koti za wasafiri wa upande wa kusini kabisa wa dunia.

Tusijione tu waathirika. Nyasi za nchi hizi za juu za Afrika Mashariki nazo zimesafiri. Nyasi ya Kikuyu, mwenyeji wa nyanda za juu za kwetu, ilichukuliwa mapema karne ya 20 ikapelekwa Australia na California kushika udongo na kulisha ng'ombe. Leo serikali ya Marekani imeiweka kwenye orodha ya magugu mabaya, na wenye bustani kule wanahangaika nayo. Nyasi haina uovu wa asili. Inakuwa tatizo pale inapofika mahali pasipo na kitu cha kuidhibiti, na mtu akachelewa kuitazama.

Wala si kila nyasi ya kigeni mlimani ni ya kulaumiwa. Nenda kihamba chochote, Kibosho au Mamba, utakuta kingoni majani marefu mapana wanayoyaita gwatemala, yamepandwa kwa ajili ya ng'ombe na kuzuia mmomonyoko. Asili yake ni Amerika ya Kati. Haitoi mbegu zinazoota. Huenezwa kwa vipande vya shina tu, kwa hiyo haiendi popote bila mtu kuibeba na kuipanda makusudi. Mahindi tunayosonga ugali nayo ni nyasi kutoka Amerika. Mchagga hajawahi kuogopa mmea mpya. Aliupanda mahali alipotaka, akaukagua kila siku, na ukimkera aliung'oa. Tatizo la Poa annua ni kwamba imekwenda mahali ambapo hakuna mwenye kihamba wa kuikagua.

Lakini watu wako pale. Mpagazi anayepanda Marangu au Machame mara nyingi kwa mwaka ameiona ardhi ile kuliko mtafiti yeyote atakavyoiona. Anajua bomba lipi linavuja, wapi udongo umebomoka, wapi pameota kijani kipya msimu huu. Volkens na Johnston walitegemea macho ya watu kama hao na hawakuandika majina yao. Tusilirudie kosa hilo. Mafunzo ya waongoza watalii na wapagazi yaongezwe saa chache za kujifunza mimea mitano au sita ya kigeni, kwa kielelezo kikavu mkononi, na anayeripoti alipoiona apewe mahali pa kuandika jina lake. Getini, karibu na mizani ya kupimia mizigo, pawekwe brashi, beseni la maji na mtu wa kusimamia, na kila kiatu kipite hapo, cha mtalii, cha mpagazi na cha profesa. Wenye maduka ya kukodisha buti mjini Moshi waoshe soli kabla ya kulitoa buti kwa mteja mwingine, na maji hayo yamwagwe mjini, si kwenye mto unaotoka mlimani.

Na wewe msomaji, ukijaliwa kupanda, anza nyumbani. Kwangua matope ya buti ukiwa kwako, pindua soksi, kung'uta mifuko ya koti na chini ya begi. Ukiiona njiani ile nyasi laini yenye ncha iliyokunjika, usiing'oe mwenyewe na kuitupa pembeni ikamwaga mbegu. Mwonyeshe mwongozaji wako, naye amwambie askari wa hifadhi.